Ngumi Kutoka Nyuma ya Pazia

Siku tuliyomzika baba Kemunto huko kwao Marani, mjukuu wangu alipewa maikrofoni aongee kwa niaba ya familia, na akawachekesha watu. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa upande wa wakwe, kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliopinda, mbali na jeneza kama inavyompasa mama mkwe, na magoti yalikuwa yananiuma tangu asubuhi. Kemunto ni msichana mkubwa sasa, anasomea uuguzi, na niseme bila kuona haya kwamba kati ya wote waliosimama pale hakuna aliyeongea vizuri kama yeye. Alisema, "Baba yangu ndiye mwanamume pekee katika Gusii nzima aliyepigwa ngumi na mama mkwe wake akaanguka chini, na hakuna aliyemgusa." Watu wakageuka kunitazama. Ndipo akawaeleza kwamba ulikuwa mchezo wa kwenye tivi, nyanya yake hakujua ni ndondi, alidhani ni tenisi. Hema lote likaangua kicheko. Hata mchungaji alitoa leso akajifuta macho. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akanigonga goti hilo hilo bovu: "Kumbe wewe ni hatari hivi?" Nikamwambia, "Niache, nimechoka." Hadithi ile imesimuliwa kwetu miaka kumi sasa, Krismasi na harusini, na kila mara mimi hukaa kimya ikapita. Lakini si ya kweli. Nilijua ni ndondi.

Mwaka ninaousema ni ule binti yangu Moraa alipoenda Uarabuni kufanya kazi kwenye nyumba za watu. Aliwaacha mumewe na Kemunto, wakati huo mtoto wa miaka tisa, katika nyumba ya kupanga mjini Kisii, akaniomba nishuke kutoka Ekerenyo nimlee mtoto mpaka arudi. Nikaacha majani yangu ya chai mikononi mwa jirani, nikaenda. Kwa asiye Mgusii nieleze kidogo ugumu wake. Kati yetu na wakwe zetu kuna ensoni. Ni heshima, lakini ni heshima iliyokandwa na aibu kama unga na maji, huwezi tena kuvitenganisha. Mama mkwe hamshiki mkono mkwe wake, hali naye meza moja, hamtazami machoni, halali chini ya paa analolala yeye. Siku hizi vijana wanasema hayo ni ya zamani. Waseme. Mimi mwili wangu ulikataa. Baba Kemunto naye, ingawa alikuwa mtu wa mjini, fundi wa redio na simu mwenye miwani, hakunilazimisha. Alihamishia godoro lake dukani kwake akawa analala huko katikati ya redio za watu. Jioni saa kumi na mbili anakuja, anakaa kwenye kochi sebuleni, anakula, anaangalia daftari za mtoto, kisha anaenda. Na mimi muda huo wote niko chumbani, nyuma ya pazia la maua lililoning'inia mlangoni, na sahani yangu magotini.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na jiko ambalo ukiinama unagonga ukuta kwa matako. Kila neno lilisikika. Lakini hatukuongea moja kwa moja, yeye na mimi, tuliongea kupitia kwa Kemunto. Nasema, "Mwambie baba yako chumvi imeisha." Kemunto anasema, "Baba, Magokoro anasema chumvi imeisha," maana kwetu nyanya huitwa Magokoro. Baba yake anasema, "Mwambie nimesikia." Kemunto anageuka: "Magokoro, baba anasema amesikia." Siku moja mtoto alichoka, akasimama katikati ya pazia, nusu sebuleni nusu chumbani, akasema, "Nyinyi wawili masikio yenu si mazima?" Baba yake alikohoa. Nilijua anazuia kicheko, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeuma kipande cha ugali nisicheke.

Lakini vicheko vilikuwa vichache mwaka huo. Nilichoka uchovu ambao sikuwa ninaujua. Shambani unachoka ukalala. Mjini nilichoka nikiwa nimekaa. Maji ya foleni, mboga za kununua, kama saga iliyonyauka mpaka ukiipika inabaki uchungu mtupu, na mikono yangu haina kazi. Mtu aliyechuna majani tangu akiwa msichana, mikono yake haijui kutulia. Nilikuwa ninakaa kitandani vidole vinajichezea vyenyewe, vinachuna shuka. Halafu kulikuwa na Moraa. Alikuwa anapiga simu kila Jumapili, kisha kila baada ya Jumapili mbili, na sauti yake ikawa inafupika. Kabla hajaondoka aliniita kando akaniambia, "Mama, mwangalie. Mwanamume akiachwa peke yake unajua." Kwa hiyo sikuwa mlezi tu katika nyumba ile. Nilikuwa nimewekwa askari. Kama kuna mwanamke mwingine, nilitakiwa nimchukue mtoto nimpeleke Ekerenyo, na nyumba ile iishe. Hilo tulikuwa tumekubaliana, mama na binti.

Mwezi wa tatu au wa nne baba Kemunto alikuja na katoni. Nilimsikia akimwambia mtoto kwamba amenunua gemu iliyotumika kwa mtu wa Nairobi, anataka kuiweka dukani watoto wawe wanakuja kucheza, lakini kwanza ataijaribu hapa nyumbani wiki moja aone kama inadumu. Nilichungulia. Kulikuwa na kisanduku cheupe, na rimoti mbili nyeupe zenye kamba ya kuvaa mkononi. Kemunto alinieleza kesho yake baba akiwa kazini. Rimoti ile haibonyezwi, inasikia mkono. Ukirusha mkono hapa, mtu wa kwenye tivi anarusha mkono kule. Nikamwambia, "Usinidanganye, mimi si mtoto." Akaniwekea tenisi, akanivalisha kamba. "Rusha mkono, Magokoro! Rusha kama unafukuza ng'ombe!" Yeye mwenyewe alikuwa anarusha mkono mpaka anapiga taa, na mpira unampita. Baba yake vilevile, nilikuwa nimemwona jana yake, anahema kama anapasua kuni na hapati kitu. Mimi sikurusha. Mpira ulipokuja nilifanya kile mkono wangu unachojua: nikachuna. Kifundo tu, kidogo, haraka, kama unavunja majani mawili na kichipukizi bila kupasua tawi. Mpira ukarudi kama risasi. Nikachuna tena, ukarudi tena. Kemunto akapanda juu ya kochi akipiga kelele. Mchana ule nilimpiga mtoto michezo kumi na mmoja, na nikasahau kuweka maharagwe jikoni.

Jioni mtoto hakuweza kufunga mdomo. "Baba, huwezi kumshinda Magokoro!" Baba yake akasema, "Acha mchezo." Kemunto akaingiza rimoti moja chini ya pazia kama mtu anayempa mfungwa chakula. Niliiangalia pale sakafuni. Nilijiuliza kama ni ensoni. Hatutagusana, nikajijibu. Hatutaonana. Ni mpira tu, unatoka kwake unakuja kwangu, na mpira wenyewe haupo. Nikafungua pazia upana wa vidole viwili nione tivi, nikavaa kamba. Nikamshinda. Akasema, "Mwambie bibi amebahatika." Nikasema, "Mwambie baba yako alete mwingine." Nikamshinda tena. Kuanzia jioni ile, kila siku baada ya chakula, isipokuwa stima ikipotea, na isipokuwa Ijumaa jua likizama, kwa sababu Sabato tulikuwa tunafungia vile vitu kabatini. Wiki ikaisha. Kemunto akauliza, "Baba, gemu inaenda dukani lini?" Akajibu, "Bado naijaribu." Mwezi ukaisha. "Bado naijaribu, rimoti moja siielewi vizuri." Nilikuwa ninamsikia nyuma ya pazia, ninajua rimoti zote mbili ni nzima. Siku hizi nikiwaza juu ya mtu yule, ni maneno hayo ninayoyasikia zaidi. Wako watu wanaokupa kitu na kelele nyingi ili ujue umepewa. Yeye alinipa mwaka mzima na akasema anajaribu mashine.

Sasa nifike kwenye ubaya wangu. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilikuwa jikoni ninamenya ndizi, na yeye alikuja mapema kuliko siku zote, akasimama nje chini ya dirisha la jiko, hakujua nipo. Alikuwa kwenye simu. Nilimsikia akisema polepole, kwa sauti ambayo mwanamume haitumii kwa wateja: "Chumba nimepata Nyamira, nyuma ya duka la mbolea. Ni kidogo lakini utapumzika. Hapana, mama hajui. Hatajua. Usilie. Kesho nitakuja nilale huko." Kisu kilikwama kwenye ndizi. Mama hajui. Mimi ndiye mama. Nikakaa chini kwenye kigoda, nikawaza Moraa huko Uarabuni anapiga pasi nguo za watu, na hapa mtu amempangia mwanamke chumba, tena Nyamira, njiani kwetu, watu wangu wapite hapo wamwone. Sikuona kingine chochote. Siku hizi najiuliza kwa nini sikufikiri hata mara moja kwamba huenda ni jambo jingine. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa nimetumwa kutafuta mwanamke, na mtu aliyetumwa kutafuta kitu anakiona hata kwenye ukuta.

Jioni walianza kucheza, Kemunto na baba yake. Mtoto alikuwa ameweka ndondi. Niliona vizuri kwenye upenyo wa pazia: glavu nyekundu, kubwa kama mikate, na yule mtu wa miwani waliyemtengeneza afanane naye. Nilimwona Kemunto akimpiga, wakicheka wote wawili. Halafu jirani akamwita mtoto mlangoni, na mtoto akanipitishia rimoti chini ya pazia. "Magokoro, nishikie kidogo, nisishindwe!" Baba yake akasema, "Kemunto, hapana, huu si wa bibi," lakini mtoto alikuwa ameshafika mlangoni. Nikavaa kamba. Nilikuwa na nafasi ya kuiweka chini. Nilikuwa na nafasi kubwa kabisa, kama uwanja. Nikapiga.

Kwetu mama mkwe hamrushii mkwe wake hata neno kali. Mimi nilimpiga mdomoni. Yule mtu wa miwani akarudi nyuma. Baba Kemunto aliweka rimoti yake mezani, niliisikia ikigonga kioo cha meza, akakaa mikono mitupu. Hakujikinga. Nikampiga tena, na tena, mkono ule ule wa kuchuna, mfupi, haraka, hakuna jani ninaloliacha. Kemunto alirudi akaanza kucheka, kisha akaacha. Mtu wa miwani akaanguka chali, mashine ikaanza kuhesabu, na mimi bado ninapiga hewa nyuma ya pazia. Ndipo baba Kemunto akasema, si kwa mtoto, akaniambia mimi mwenyewe, mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile: "Imetosha, mama." Akachukua koti akatoka. Kemunto alinishika kanzu. "Magokoro, ulidhani ni tenisi?" Alikuwa na hofu machoni. Nikasema, "Ndiyo. Nilidhani ni tenisi." Hivyo ndivyo hadithi ilivyozaliwa, na mimi ndiye niliyeizaa.

Siku tatu hakuja kula. Unga na maziwa vilikuja kwa mkono wa jirani. Kemunto alikuwa anakaa na sahani ya baba yake imefunikwa mezani mpaka ugali unakuwa jiwe, ananiangalia. Siku ya nne nilifunga nguo za mtoto kwenye begi, nikamwambia tunaenda Ekerenyo kusalimia. "Na shule?" "Shule itangoja." "Na baba?" Nikafunga zipu ya begi. Nilikuwa ninavunja nyumba ya binti yangu kwa mikono yangu miwili na nilijiona mwenye haki. Ila sikutaka kuivunja gizani. Tulipofika Nyamira nilimshika mtoto mkono nikashuka, nikauliza duka la mbolea, nikazunguka nyuma. Milango minne, mmoja una viatu vya kike nje. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilikuwa nimepanga hata mahali pa kushika nywele zake.

Aliyefungua alikuwa Moraa.

Sikumtambua upesi. Alikuwa amekonda shingo ikawa ya kuku, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kiwiko mpaka vidole. Kemunto alimtambua kabla yangu, akapiga ukelele, akamrukia, na Moraa akauinua ule mkono juu usiguswe. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwanamke aliyemwajiri alimchoma kwa pasi, kwamba alitoroka akakaa na Wakenya wenzake mpaka nauli ikapatikana, kwamba alimwomba mumewe amfiche mahali mpaka kidonda kifunge. "Nilimwambia asikwambie, mama," alisema. "Sikutaka unione hivi. Amekwambia?" Nikasema, "Hajaniambia kitu." "Sasa umejuaje?" Nikasema, "Nilikuja kununua mbolea." Akaangalia begi la nguo za mtoto begani kwangu. Akaliangalia kwa muda mrefu, halafu akasogea kando nikaingia. Kitandani kulikuwa na shati la baba Kemunto, na dawa za kupaka, na pamba. Siku zile ambazo hakuja kula alikuwa hapa jioni, anamfunga binti yangu bandeji.

Tulirudi Kisii jioni ile ile, Kemunto na mimi. Mama yake alikuja wiki tatu baadaye mkono ukiwa umefunga. Katika wiki hizo tatu baba Kemunto alianza tena kuja. Siku ya kwanza alikula, kisha nikamsikia: "Kemunto, mwambie bibi bado naijaribu hii mashine, kama ana nafasi." Rimoti ikaja chini ya pazia. Nilitaka kumwomba msamaha, lakini kuomba msamaha ni lazima useme kosa, na kulisema kosa ni kumrushia tena. Kwa hiyo nikaamua kumwachia ashinde. Mpira ulikuja, sikuuchuna, ukapita. Akausubiri mwingine, nikamrudishia ule laini wa mtoto mchanga, na yeye akaukosa. Makusudi. Nikaukosa wangu. Akaukosa wake. Tulikaa hivyo, watu wazima wawili na pazia katikati, kila mmoja anagombea kushindwa, mpaka Kemunto akasema, "Hii mashine sasa imeharibika kweli," akaizima. Moraa aliporudi, mimi nilirudi kwenye majani yangu. Sikukaa tena kwenye nyumba ile zaidi ya siku moja. Nilisema ni magoti.

Kesho yake baada ya mazishi, watu walipokuwa wamepungua na vijana wanapakia viti kwenye gari, nilimkuta Moraa nyuma ya nyumba anaanua mashuka ya wageni. Alama ya pasi bado iko kwenye mkono wake, ina ncha kama jani. Nilikuwa nimechoka sana, na nafikiri uchovu ndio uliosema, si mimi. "Moraa, ile ya ngumi. Sikukosea. Niliona ni ndondi. Nilimsikia kwenye simu nikadhani ana mwanamke."

Hakusimama. Aliendelea kutoa vibanio kwenye kamba. "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Aliniambia. Alikuja Nyamira kesho yake akaniambia, mama yako amenipiga mpaka mashine imehesabu kumi, na alikuwa anajua anampiga nani. Alisema nikwambie ukweli uache kumdhania. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema, mpaka mkono upone."

"Na miaka yote hii Kemunto anasimulia upuuzi ule mbele yake, naye anacheka tu?"

"Alisema mtoto asiguswe na jambo hilo. Alisema na wewe ukijua kwamba anajua, hutaingia tena mlangoni kwake."

Ni kweli. Nisingeingia. Nilisimama pale na shuka linanipiga usoni kwa upepo. Nikauliza, "Hakukasirika?"

"Alikasirika sana, mama. Alisema hilo hawezi kulisamehe."

"Halafu akanisamehe lini?"

Moraa alisimama sasa, kibanio kiko mdomoni, akafikiri. Nilimwona anatafuta kweli, anarudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Akatoa kile kibanio.

"Hilo hakuniambia," alisema.

Akanirushia ncha mbili za shuka. Nikazishika, tukarudi nyuma kila mtu upande wake mpaka likanyooka, tukaanza kukunja.